Madam anataka niende nao Umra. Nifanyeje?

Ukungu_wa_Taita

Bwana asifiwe ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana humu kuna watu wa kujibu kichwa cha habari.

Mimi ni Mtaita wa upande wa Wundanyi, Mwanglikana wa kuzaliwa. Nafanya kazi ya ndani Saudia, huku kusini karibu na Abha. Ni milimani, kuna baridi na ukungu kama kwetu, na nyani wanakuja hadi kwenye ukuta wa jikoni. Mshahara ni riali 900 na unaingia. Chakula nakula, simu ninayo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimekuja kuisema vibaya nyumba hii. Madam ana mdomo lakini hana mkono, mnanielewa.

Shida ilianzia Nairobi. Ajenti alipojaza fomu, penye dini akaandika Mwislamu. Alisema Waislamu wanachukuliwa upesi. Picha pia nilipigwa na hijabu, "vaa tu, ni picha." Pasipoti yangu ina majina ya Kitaita matupu, la ubatizo halimo, kwa hiyo hakuna kilichoonyesha tofauti. Mimi neno lile nililiona wakati tikiti iko mkononi na mama ameshakopa chamani kunisafirisha. Nikanyamaza. Ikama nayo, kibali cha kuishi huku, ikatoka vilevile. Nilipofika ofisi ya huku, begi langu lilipekuliwa, na Agano Jipya langu dogo, lile tulilopewa shuleni na Wagideoni, likatupwa kwenye pipa pamoja na mafuta yangu ya nazi. Yule mwanamke wa kupekua wala hakukasirika. Alitupa kama anavyotupa vitu kila siku.

Tangu hapo nimejifunza kuishi. Saa zao za swala hakuna anayenifuata, madam anajua naswali chumbani. Naomba kweli, ila si vile anavyodhani. Nina daftari la mapishi ambalo madam mwenyewe aliniambia niandike. Kabsa ya kuku, sambusa, supu ya shayiri ya Ramadhani. Humo ndani nimechanganya Zaburi nilizokariri shule ya Jumapili. Ile ya 121 iko chini ya "Sosi ya nyanya": Nitayainua macho yangu niitazame milima, halafu vitunguu viwili, halafu msaada wangu utatoka wapi, halafu chumvi kiasi. Siku moja binti mkubwa wa nyumba alilifungua akauliza mbona sosi hii ndefu hivi. Nikamwambia ni ya kwetu.

Sasa jambo lenyewe. Madam amesema kumi la mwisho la Ramadhani wataenda Makka kufanya Umra, na mimi niende kushika watoto. Ameninunulia abaya mpya. Aliileta kwa furaha kabisa, akaniambia wako wasichana wanaolia usiku wakiomba bahati kama hii. Na alikuwa anasema kweli, si maringo.

Nikienda nitazunguka Kaaba na kutamka nisiyoyaamini. Nikikataa itabidi niseme sababu, na ikama inasema mimi ni Mwislamu. Mkataba bado una zaidi ya mwaka. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu kwa mshahara huu huu.

Swali la kwanza: kunyamaza kwangu kote huku ni kumkana Yesu? La pili: safari hii nifanyeje? Sijui hata kama haya yanaitwa mateso. Sijapigwa. Nikisoma habari za ndugu zetu wa Beni, kule Kongo, wanaouawa, naona haya kuandika. Ila usingizi sipati.

Na tafadhali, msinitumie nambari za maombi ya kulipia.

SimbaWaYuda254

Dada, jibu liko Mathayo 10:33 wala halihitaji mjadala. Atakayemkana Yesu mbele ya watu, naye atamkana mbele ya Baba. Vijana wa Namugongo, Uganda, walifungwa ndani ya matete wakachomwa wazima, na wengine walikuwa wadogo kuliko wewe. Hakuna aliyesema fomu ilijazwa na ajenti. Mwambie madam leo hii. Ukirudishwa nyumbani, Mungu atafungua mlango mwingine. Karo ya mdogo wako isiwe bei ya roho yako.

Mama_Baraka_Kakamega

Simba, wewe umewahi kushikiwa pasipoti? Basi kaa kando kidogo wenye vidonda wazungumze.

Dada pole sana. Mimi nilikuwa Riyadh, nimerudi, sasa nauza mitumba hapa Kakamega. Ikama yangu iliandikwa si Mwislamu kwa hiyo vita vyangu vilikuwa vya namna nyingine, lakini wasichana wa hali yako niliwajua wengi tu. Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp, jina lake Mitumba Bei Nafuu, picha yake ni rundo la suruali. Ijumaa wenye nyumba wakilala baada ya chakula cha mchana, dada mmoja wa Bungoma anarusha sauti fupi, sura moja imesomwa, kwisha. Hakuna msalaba, hakuna jina la kanisa, hakuna "Amina" hamsini za kuwasha simu ya mtu akiwa sebuleni.

Saudia hakuna jengo la kanisa hata moja. Si kama Oman, ambako Ruwi na Ghala kuna makanisa kwenye viwanja alivyotoa Sultani mwenyewe, wala kama Dubai, Doha na Kuwait. Wakubwa husema asiye Mwislamu anaweza kuabudu faraghani. Sawa, lakini faragha ya kadama, mfanyakazi wa ndani, ni ipi? Chumba chenyewe hakina ufunguo na ndani kuna mashine ya kufulia. Faragha yetu ilikuwa visikizi masikioni tukiosha vyombo.

Sasa ushauri. Usingoje siku ya kufunga mizigo, mtu akiaibishwa mbele ya wakwe zake huwa hana huruma. Mwambie madam peke yake, si baba, si mama mkwe. Kabla ya hapo, mkataba wako wa Musaned (ule mfumo wa serikali yao wa kuajiri), ikama na pasipoti vipige picha umtumie mtu nyumbani, kisha ufute. Nambari ya ubalozi wetu Riyadh iweke kichwani. Simu hunyang'anywa, kichwa hakinyang'anywi.

Sikudanganyi kwamba itakwenda vizuri. Najua mmoja alisema ukweli, akarudishwa ofisini, akapelekwa nyumba nyingine, na ile ya pili ilikuwa jehanamu ndogo. Najua mwingine madam wake alicheka tu akasema nilijua zamani, wewe kukaa kwenye mswala hujui.

Mimi niliyemshikilia miaka yangu yote kule ni Naamani, 2 Wafalme 5. Ameponywa ukoma, amemwamini Mungu wa Israeli, halafu anakumbuka kazi yake: bwana wangu akiingia nyumba ya Rimoni huegemea mkono wangu, nami huinama, BWANA anisamehe kwa jambo hilo. Elisha hakumpa mahubiri. Alimwambia, "Enenda kwa amani." Nilikuwa nikiwatandikia watoto miswala yao huku nasema moyoni, Naamani yuko kazini.

Ndeko_wa_Lubero

Mama Baraka amesema yote, mimi naongeza neno moja kwa sababu wewe dada umetaja Beni, na mimi ni wa huku mashariki mwa Kongo.

Dada, usione haya mbele yetu. Kasindi, tarehe 15 Januari 2023, watu walikuwa kanisani kwa ubatizo, bomu likalipuka. Komanda, Julai 2025, walikuwa kwenye mkesha, wakaingiliwa usiku, wakafa zaidi ya 30. Ni ndugu zetu, tunawalia hadi leo. Lakini wale hawakuulizwa kitu. Bomu haliulizi. Wewe unaulizwa, kila asubuhi, halafu unapika chai. Hapa kwetu wako wazee wanaosema hiyo ya kuulizwa ndiyo ngumu. Tunakuombea, na hatulipishi.

MchungajiMstaafu_Muranga

Binti yangu, mimi ni mchungaji mstaafu wa Kianglikana hapa Murang'a. Macho yamechoka, anayechapa ni mjukuu wangu, kwa hiyo makosa ya herufi mdai yeye.

Swali lako la kwanza lina umri mkubwa, na Simba angelijua hilo angesema kwa sauti ya chini. Mwaka 250 kaisari Decius alitoa amri kila mtu katika dola la Rumi atoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa, kisha apewe cheti. Vyeti hivyo vimefukuliwa Misri, zaidi ya 40, vimeandikwa kwenye mafunjo. Mtu anataja jina lake na kijiji chake, anasema nimetoa sadaka na kuonja nyama, naomba mtie sahihi. Sasa Wakristo wakagawanyika. Wako waliokataa, wakauawa au wakaoza gerezani. Wako waliokimbilia madhabahuni hata kabla hawajaitwa. Na wako wa tatu, ambao hawakutoa sadaka kabisa, ila walimpa karani kitu kidogo akawaandikia kwamba wametoa. Karatasi inasema hivi, mwenyewe anaamini vile. Karani huyo unamfahamu. Siku hizi ofisi yake iko Nairobi.

Askofu wa Karthago, mji uliokuwa hapo ilipo Tunisia leo, aliitwa Sipriano. Yeye mwenyewe alijificha, akawa analiongoza kanisa kwa barua, na watu walimsema hadi Rumi. Mateso yalipopoa mwaka 251, maaskofu walikaa naye kuamua habari za hao wengine, na hawakuwatia wote chungu kimoja. Wenye vyeti vya kununua walisikilizwa mmoja mmoja, wakapokelewa kwa toba. Waliotoa sadaka walingoja zaidi. Mateso yakarudi. Na yule Sipriano aliyejificha mara ya kwanza, mara hii hakujificha. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba anayenyamaza leo kesho hawezi kusimama, mwulize amesoma wapi.

Namugongo nako kusifanywe fimbo. Nawaheshimu mno mashahidi wale, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 tunaowajua kwa majina, na nilipokuwa na miguu nilikwenda kuhiji tarehe 3 Juni. Lakini Wakristo wa Buganda zama za Kabaka Mwanga, mfalme aliyewaua, hawakuwa 45 tu. Wengi walijificha, wakisoma usiku katika nyumba za wenzao, na walichosoma ni Injili ya Kiswahili kwa sababu ya Kiganda ilikuwa haijawa tayari. Apolo Kagwa alipigwa na Mwanga kwa mkono wake, akaachwa hai, na baadaye akawa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Kanisa lile limeshikwa na waliochomwa na waliojificha. Yesu wa Mathayo 10:33, mistari kumi tu nyuma yake, ndiye anayesema wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine. Ni hotuba moja, siku moja, kwa watu wale wale.

Nikupe na ya nyumbani. Mama yangu alikuwa mtu wa uamsho, wale tunaowaita ahonoki. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Watu walilishwa kiapo cha Mau Mau usiku. Hapa nataka niende kwa haki, maana vijana wa leo ama wanawafanya Mau Mau malaika ama mashetani. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao, na wengi waliokula kiapo walikuwa wamebatizwa na walimcha Mungu. Mama hakuwa na ugomvi na uhuru. Alichosema, na wenzake wa uamsho walisema hivyo hivyo, ni kwamba amekwisha kushiriki damu ya Yesu, hatashiriki nyingine juu yake. Na serikali ilipotaka ndugu hao washike bunduki wawe homgadi, askari wa vijijini wa kupigana na Mau Mau, wengi wakakataa na bunduki pia. Basi wakawa hawana rafiki. Huku wanaitwa wasaliti wa nchi, huku wanaitwa wafuasi wa Mau Mau waliojificha. Wako waliouawa. Kanisa letu kuu hapa mjini ni ukumbusho wao. Jiwe lake liliwekwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, mwaka 1955, na ndani kuna michoro mitano ya ukutani ya Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu. Yesu ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni vilima vyetu hivi. Ukirudi Kenya njoo uione. Wageni huleta kamera, wenyeji hupita tu.

Mama hakuwatafuta waapishaji ili aonekane jasiri. Alikuwa akijificha. Tumelala ndani ya mahindi usiku mwingi, na mbwa wakibweka alikuwa akimpa mdogo wangu ziwa ili asilie, hata maziwa yakiwa yamekwisha. Siku walipomkuta uso kwa uso, mchana, kisimani, hapo ndipo aliposema hapana. Walimvunja mkono wa kulia. Ukaunga vibaya, na hadi uzee wake alichuma kahawa kwa wa kushoto. Sikumsikia hata siku moja akisema usiku ule wa mahindi ulikuwa dhambi na mchana ule wa kisimani ulikuwa imani. Kwake vilikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo la kwanza, sioni kwamba umemkana. Neno lile uliandikiwa na mtu mwingine, ukanyamaza kwa hofu na kwa deni la mama yako. Kunyamaza kukikusumbua, tubu, kisha ulale.

La pili ni jingine, na hapa naachana kidogo na Mama Baraka. Naamani aliinama kwa sababu bwana wake aliuegemea mkono wake, na kabla ya hapo alikwisha tamka kwamba hatamtolea mungu mwingine sadaka. Umra si kumsindikiza mtu. Ni ibada, ina nia yake na maneno yake. Ukiifanya bila kuamini utakuwa umemdanganya Mungu wako, na umewadanganya Waislamu mahali wanapopaheshimu kuliko pote duniani. Usiende. Namna ya kutokwenda inataka hekima ya watu wanaoijua nchi ile, na mimi si mmoja wao.

Abu_Salim_Kisauni

Heri kwenu nyote. Mimi ni Mwislamu, niko Kisauni. Dada yangu alifanya kazi Jizan, ndiyo sababu huwa napita kwenye nyuzi za watu wa Ghuba. Mkinifukuza nitaondoka, lakini naomba niseme kwanza.

Mchungaji amesema kweli. Asiyetoa shahada hana umra, hata azunguke mara mia. Na asiye Mwislamu haruhusiwi kuvuka mpaka wa Haram. Njia kuu zina mabango yanayomwelekeza apite njia nyingine. Lakini dada, elewa kwamba Makka si mwanzo wa jambo hili. Mwanzo ni mikati, kituo cha njiani cha kuingilia katika ibada. Kutoka Abha watapita Yalamlam kama wanashika njia ya pwani, au Qarn al-Manazil kama wanapitia Taif, na hapo kila mtu ananuia na kuhirimia. Mwanamke hana shuka mbili nyeupe kama mwanamume, nguo yake ya stara ndiyo ihramu yake. Kwa hiyo ile abaya aliyokununulia ndiyo yenyewe. Useme kabla ya safari, si njiani.

Sasa sikiliza hili vizuri kuliko mengine yote. Usithubutu kusema "nimeacha Uislamu" wala "nimebadili dini." Kule, Mkristo aliyezaliwa Mkristo ni jambo moja. Mtu anayeonekana ametoka katika Uislamu ni jambo jingine kabisa, na ni la hatari ya maisha. Wewe hujatoka popote. Hujawahi kuwa. Mwambie: ana masihiyya, wal-maktab katab ghalat. Mimi ni Mkristo, ofisi iliandika makosa. Mama yako akuwekee picha ya cheti chako cha ubatizo, kiwe na tarehe ya utotoni. Usikionyeshe mpaka uulizwe.

Na umwambie kwa upande wa heshima yake. Huyo mama anatafuta thawabu. Mtu wa dini akijua amempeleka asiyeamini hadi Haram atajiona ameiharibu ibada yake. Ukimwambia mapema umemlinda. Sema hivyo hivyo: sikutaka Umra yako iingie doa kwa sababu yangu.

Mwisho, kwa huyo ndugu Simba. Sisi tuna Ammar bin Yasir. Makka hiyo hiyo, wakati Waislamu walipokuwa ndio wanyonge, mama yake Sumayya aliuawa kwa sababu ya dini, na Ammar akateswa mpaka akatamka waliyotaka atamke. Alikuja akilia. Ikashuka aya ya 106 ya Surat an-Nahl, inayomtoa lawamani aliyelazimishwa na moyo wake umetulia katika imani. Basi hata sisi hatumpigi mawe mtu aliyebanwa. Mwenye kesi hapa ni aliyejaza fomu.

SimbaWaYuda254

Makubwa. Mwislamu anamfundisha Mkristo namna ya kuokoka.

Mama_Baraka_Kakamega

Amemfundisha Kiarabu cha kujiokoa, Simba. Wewe umemfundisha nini?

Ukungu_wa_Taita

Shikamoo Mchungaji, shikamoo Mzee Abu Salim. Nimechelewa kurudi kwa sababu simu ilikuwa kwa madam. Nitaeleza.

Nimesema. Tulikuwa jikoni tunafunga sambusa za Ramadhani za kuweka kwenye friza, mimi na yeye tu, sinia liko katikati yetu. Nikasema maneno ya Abu Salim kama yalivyo, halafu ulimi ukanikauka na yale ya heshima nikayasema nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Madam hakuinua macho. Alimaliza kukunja ile aliyokuwa nayo, akabana pembe zake tatu vizuri, akaiweka. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa sijajiandaa nalo hata kidogo: kama nimewahi kupika nguruwe kwenye sufuria zake.

Nikamwambia, madam, Abha nguruwe nitamtoa wapi? Hakucheka. Mimi ndiye nilitaka kucheka, kwa hofu.

Akanawa mikono akapanda juu. Nikamsikia anapigia ofisi kelele, na jina langu sikulisikia, nilisikia neno ghalat, ghalat. Jioni akataka simu yangu. Aliikagua siku mbili hizo, akaona picha za mdogo wangu na za mitumba, Mama Baraka ukumbuke uliwahi kunitumia tangazo lako la suruali. Daftari la mapishi aliliona liko juu ya jokofu, akafungua ukurasa wa kabsa, akarudisha. Cheti cha ubatizo hakukiuliza. Ananiuliza mambo mengine, kama kwetu tunafunga, kama Maryam wetu ni huyo huyo wao. Nimejibu kifupi tu, sikujifanya mhubiri.

Siendi Makka. Nitabaki na mama yake mzazi, bibi ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Abaya mpya imepewa msichana wa Indonesia anayefanya kazi kwa dada yake madam, naye ndiye atashika watoto. Alipoipokea alilia kwa furaha, na mimi nilifurahi naye, kweli.

Si kwamba yote yamekuwa mazuri. Nimetengewa kikombe na sahani, vimewekwa rafu ya chini karibu na sabuni. Baba hajaniambia neno tangu siku ile, akitaka chai anamtuma mtoto. Mtoto wa kiume, ambaye nimemlea tangu hajatembea, ameambiwa asile mkononi mwangu. Anakuja, anasimama mlangoni pa jikoni, anakumbuka, anarudi. Na mshahara wa mwezi huu haujaingia. Sijui ni adhabu au ni kuchelewa, maana haujawahi kuchelewa.

Simba, nawe asante. Ulinikasirisha, na hasira ilinisaidia kufungua mdomo.

Mama Baraka, nisaidie hapa tu. Mshahara ningoje hadi lini kabla sijauliza? Na nimuulize madam au baba?

Mama_Baraka_Kakamega

Muulize madam, na usiulize kama mtu anayedai. Mwambie mama anauliza habari za karo. Mambo ya watoto na shule wanayaelewa. Mwezi wa pili ukipita bure, hapo ndipo unapiga ubalozi, na mimi nilipopiga jambo la kwanza waliloniuliza lilikuwa tarehe. Kwa hiyo kuanzia leo andika siku ulizolipwa na siku ulizopaswa kulipwa. Weka kwenye daftari hilo hilo, kwenye ukurasa wa maharage, nani atasoma maharage.

Huyo bibi utakayebaki naye, mgeuze kila baada ya saa mbili na umpake mafuta mgongoni asipate vidonda. Nilimtunza wa namna hiyo. Yeye akikupenda, nyumba nzima itanyamaza.

Kikombe kivumilie.

Halafu nitumie nambari yako inbox nikuingize Mitumba Bei Nafuu, kikundi bado kipo. Ijumaa hii wanasoma Filemoni, ni fupi, utaimaliza kabla bibi hajaamka.